Land Cruiser Kuukuu: Kazi ya Gereji Kwanza, Tope Baadaye

Masika yakishika na watalii wakapungua, kampuni nyingi za Arusha hupunguza magari ya zamani. Wanaoyanunua ni wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, wenye maduka, mafundi ujenzi, na vijana wanaotaka kuanza kupeleka wageni wenyewe. Wiki chache baadaye nayaona magari hayo hapa gereji, Karatu, mengine yakiwa nyuma ya kamba. Niliendesha wageni miaka mingi kabla ya kufungua gereji, na bado naitwa kwenda kunasua magari Ndutu na Eyasi. Mengi ninayoyakuta huko hayakushindwa na tope. Yalishindwa na kitu kilichokufa siku nyingi: habu (kiunganishi cha tairi la mbele na ekseli) haikuloki, tairi lilikuwa kipara, au sehemu ya kufungia kamba ilikuwa kutu tupu. Kwa hiyo naanza na gereji.

Gari ninalolisema ni Land Cruiser ya injini ya 1HZ: HZJ75 zilizoanza kutoka mwaka 1990, na HZJ78 na HZJ79 zilizofuata mwaka 1999. Ni dizeli ya silinda sita, ujazo wa cc 4164, haina tabo, haina kompyuta ya kukusumbua. Mwenye Land Rover asome pia, maana tope halichagui.

Ukitaka kununua gari lililotoka kwenye utalii, usianze kwa kufungua boneti. Lala chini. Mengi ya magari haya yamerefushwa chesisi ili yapate viti zaidi, na chesisi ikishakatwa na kuchomelewa, pale pa kuchomelea ndipo pa kuangalia. Chukua brashi ya waya, kwangua tope lote, kisha mulika kwa tochi kwa kuilaza pembeni ili mwanga upite juu ya chuma. Ufa huonekana kama uzi mweusi wenye vumbi la kutu pembeni. Rangi mpya nyeusi iliyopigwa sehemu hiyo tu, chesisi nzima ikiwa ya zamani, ni sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Injini yenyewe haina makuu. Mwaga oili kila kilomita 5,000 na ubadilishe filta palepale. Inachukua zaidi ya lita 9, na hapo ndipo wengi wanapoanza ubahili. Taiming beliti hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa yake kwenye dashibodi huwaka kukukumbusha. Ila usiamini taa, wala usiamini namba za kilomita kwenye gari lililopitia mikono mitano. Kama muuzaji hana karatasi ya kuonyesha beliti ilifungwa lini, funga mpya pamoja na rola yake. Beliti hiyo ikikatika injini inazunguka, valvu zinakutana na pistoni, na bei ya beliti utaitamani.

Kuna kitu madereva wengi wapya hawakijui. Pampu ya vakyumu, ile inayosaidia breki kuwa nyepesi, imefungwa nyuma ya alteneta. Mikanda ya feni ikikatika hupotezi chaji peke yake. Baada ya kukanyaga mara chache pedali ya breki inakuwa ngumu, na kama uko mteremko wa Mto wa Mbu hiyo si habari njema. Funga mikanda yote miwili kwa wakati mmoja na ubaki na pea ya akiba. Angalia pia mipira midogo ya oili inayokwenda kwenye pampu hiyo. Ukiona alteneta imelowa oili, sili imekufa, na oili unayoiona pale inatoka kwenye injini.

Dizeli ya kwenye madumu ina maji. Chini ya filta kuna kizibo cha plastiki: kilegeze, piga pampu ya mkono iliyo juu mpaka maji yaishe na dizeli safi itoke, kisha kaza. Taa ya filta ikiwaka njiani, fanya hivyo leo, si kesho. Filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kinyume. Kuhusu mkonga, lile bomba la hewa linalopanda kuelekea paa, kazi yake ni kuvuta hewa ya juu isiyo na vumbi wala maji, lakini mingi imefungwa kwa mbwembwe tu. Jaribio ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma, ziba kichwa cha mkonga kwa kiganja au kipande cha mpira. Injini lazima ikabwe na kutaka kuzima. Ikiendelea kuunguruma bila shida, inavuta hewa pengine, na mtoni itavuta maji hapohapo.

Mwezi wa tano na wa sita, nyasi za Serengeti zikiwa ndefu na mbegu zimekauka, rejeta huziba kwa mbegu bila dereva kujua. Gari linaanza kuchemsha, fundi anashuku gasketi. Osha rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele. Baada ya hapo ingia uvunguni utoe nyasi zilizojikusanya juu ya bomba la moshi na juu ya kinga ya gia boksi. Magari yameungua kwa uzembe huo, moto ukianzia chini mahali dereva hapaoni.

Sasa ekseli ya mbele, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayokutoa kwenye tope na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Nyuma ya kila tairi la mbele kuna tufe la chuma. Ndani yake mna sivi jointi, kiungo kinachozungusha tairi hata likikata kona, iliyozikwa kwenye grisi, na upande wa ndani kuna sili inayozuia oili ya difu isiingie humo. Sili hiyo ikichoka, oili inavuka, inachanganyika na grisi, na mchanganyiko unakuwa uji mweusi mwepesi unaovuja mpaka kwenye rimu. Mwenye gari anafuta kwa kitambaa na kuendelea na safari. Wakati huohuo difu inakauka na sivi jointi inasagika. Juu ya tufe kuna kizibo chenye kichwa cha mraba. Kifungue, ingiza kijiti safi. Kikitoka na grisi nzito iliyoshika, uko salama. Kikitoka kinadondosha, funga safari ya gereji: sili, grisi ya molibideni, na beringi za juu na chini za tufe, vyote kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile. Kisha nenda uwanjani, weka H4 (tairi zote nne zinavuta, gia nyepesi) kwenye udongo, kata steringi mpaka mwisho na uende polepole. Ukisikia ta-ta-ta kutoka tairini, sivi jointi imekwisha.

Beringi za tairi za mbele zimeshikwa na nati mbili zenye shiti ya kuloki katikati, na spana boksi yake ni ya milimita 54. Inunue. Nikikuta nati hizo zina alama za patasi najua gari lilipita kwa fundi wa nyundo, na beringi zake nitazifungua tu bila hata kuuliza.

Halafu habu. Zile za kuzungusha kwa mkono, zenye maandishi FREE na LOCK, zina tabia ya kuganda kama hazitumiki. Zizungushe kwa vidole tu. Zikigoma usizipige spana, zifungue, zioshe kwa dizeli, zipake grisi kidogo. Kila mwezi ziloki na uendeshe kama kilomita 15 ili oili na grisi vizunguke huko ndani. Habu zikiwa LOCK na lever ikiwa H2 (tairi za nyuma tu zinavuta), lami si tatizo. H4 kwenye lami kavu ndiyo mbaya, kwa sababu tairi za mbele na za nyuma zinataka kuzunguka tofauti kwenye kona na kitu lazima kivunjike. Na zikaguliwe zote mbili. Nimeshaitwa kwenda kutoa gari Big Marsh, kule Ndutu, nikafika, nikainama, nikakuta habu ya kulia imeandikwa LOCK na ya kushoto FREE. Dereva alikuwa ameloki upande wake aliokuwa anashukia. Nikazungusha ya pili, nikarudisha gari nyuma, likatoka. Nauli yangu nilichukua kamili.

Kwa springi na shokapu, kipimo ni rafu rodi yenyewe. Ukitoka Ngorongoro kwenda Naabi kwa ile barabara ya mikunjo, simama, gusa kila shokapu kwa kiganja, kwa uangalifu. Iliyofanya kazi ni ya moto. Iliyo baridi imekufa, inasindikiza wenzake tu. Pitia yu-bolti zote kwa spana, na chungulia senta bolti za springi, maana ikikatika ekseli inasogea nyuma na gari linakwenda upande. Betri ikazwe kwenye kiti chake, waya za ardhi zisuguliwe, basi. Umeme wa gari hili hauna zaidi ya hapo.

Matairi ya 7.50R16 yenye tyubu na rimu ya ringi yanapendwa kwa sababu unaziba pancha popote kwa vyuma viwili na nyundo. Ringi hiyo inaua, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Ukijaza upepo, geuza ringi itazame chini au ukutani, tumia mpira mrefu, na usisimame mbele yake.

Ndani ya gari beba chepe la mpini mfupi, mbao mbili za mti mgumu zenye upana wa tairi, jeki ndefu ya meno (wengi tunaiita jeki ya Tanganyika), ubao mnene wa kuikalisha, kamba moja ya nailoni inayovutika, shakeli mbili zilizochapwa uzito zinaouhimili, kipimo cha upepo, pampu, ndoo, na maji ya kunywa yasiyohesabiwa kwenye ndoo. Jeki ioshwe kwa dizeli na kutiwa oili nyepesi kwenye pini zake. Ukiipaka grisi, vumbi litaizibia pini zisirudi, na hutajua mpaka siku unayoihitaji.

Tukifika kwenye tope, kazi kubwa ni mguu wako wa kulia. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unajaza meno ya tairi, na baada ya hapo tairi lolote ni kipara. Maadamu gari linasogea, unaweza kuongeza moto kidogo ili tairi lijitapishe udongo. Likisimama, toa mguu. Kila mzunguko unaoongeza hapo unachimba, na tofauti ya gari lililozama nusu tairi na gari lililokalia difu ni sekunde chache za hasira. Loki habu kabla hujaingia, siyo ukiwa ndani, kwa sababu ukizama utaziloki huku mkono umezama tope mpaka kiwiko.

Jambo la kwanza baada ya kusimama ni kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe kwa L4 (tairi zote nne, gia nzito). Njia uliyokuja nayo umeshaipima. Ya mbele hujui. Ikikataa, shuka. Kama uko hifadhini, kabla ya kushuka zungusha macho pande zote, mwambie mwenzako akae juu ya paa aangalie porini muda wote, na toa taarifa kwa redio au simu kwa askari wa hifadhi. Simba hulala kwenye vichaka vilevile vinavyopendeza kuegesha gari kivulini.

Punguza upepo. Kama unatembea na psi 40, shuka mpaka 20 kwenye tope, na 15 kwenye mchanga wa korongo. Kwa tairi za tyubu usishuke chini ya hapo, na usikanyage moto kwa nguvu, maana tairi litateleza kwenye rimu na kung'oa shingo ya tyubu. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu hawana pampu ya kurudishia. Ndiyo maana nimeitaja pampu.

Kisha chimba. Ukiangalia chini utakuta difu imekaa juu ya udongo na matairi yananing'inia yakizunguka bure. Hapo hata ukivutwa na trekta, trekta linavuta gari na kilima cha udongo kilicho mbele ya difu. Toa udongo chini ya difu zote mbili, chini ya sahani za springi, halafu chonga mteremko nyuma ya kila tairi. Udongo huu unang'ang'ania chepe mpaka unabeba zaidi ya unachotupa. Weka ndoo ya maji pembeni, chovya chepe kila baada ya mara mbili tatu, udongo utateleza wenyewe. Anayechimba kwa chepe kavu atachoka kabla hajafika kwenye springi ya pili.

Kuinua kwa jeki: kalisha jeki juu ya ubao, inue kwenye bampa ya chuma au mahali pagumu palipoungwa na chesisi, gari likiwa kwenye gia na tairi zilizo kwenye udongo mgumu zimewekewa kigingi. Simama pembeni ya mpini, uso usiwe juu yake. Wakati wa kushusha ndipo meno na taya za watu huvunjika, kwa sababu uzito wa gari unaurusha mpini juu. Ushike kwa nguvu kila mara, na ukimaliza urudishe ukae wima. Asiingie mtu uvunguni. Tairi likipata nafasi, jaza shimo kwa mawe kama yapo, na juu yake weka ubao. Matawi ya mgunga usiyaguse: hifadhini hairuhusiwi kuyakata, na miba yake itakupa pancha juu ya kukwama.

Akija mwenzio kukuvuta, kaeni kwanza mkubaliane nani anapiga ishara. Mmoja tu. Kamba ifungwe kwenye ndoano au jicho lililokazwa kwenye chesisi. Bampa hapana. Vile vijicho vyembamba vya kufungia gari melini hapana. Mpira wa kuvutia trela ndio hatari kuliko vyote, kwa sababu shingo yake ikikatika unaruka kama risasi na kupita kwenye kioo. Kamba ya nailoni inavutika, kwa hiyo iache ilegee kama mita moja na anayevuta aondoke kwa gia ya kwanza bila kupaparika. Kamba itajikusanyia nguvu na kulinyanyua gari taratibu. Mnyororo na waya havivutiki, hivyo havirukiwi: kazeni kwanza mpaka vinyooke, ndipo mvute polepole. Katikati ya kamba tundikeni turubai zito au jaketi lililolowa, ili ikikatika ianguke badala ya kupaa. Watazamaji, na hawakosekani hata Ndutu, wasogee mbali kuliko urefu wa kamba. Aliyekwama, akivutwa kwa nyuma, asaidie kwa gia ya nyuma polepole, akiyumbisha steringi kidogo kushoto na kulia tairi zitafute pa kushika.

Kwa winchi, kumbuka gari lililozama mpaka difu linaweza kudai nguvu inayokaribia uzito wake wote. Puli moja ya kuzungushia waya inaongeza nguvu karibu mara mbili, na mwendo unapungua nusu. Chukua hiyo biashara kila unapoweza. Ufukweni mwa Natron hakuna mti wa kufungia, kwa hiyo tunazika tairi la akiba: chimba shimo la karibu mita moja, likingame na njia ya kuvutia, simamisha tairi ndani likitazama gari, waya upite kwenye mfereji mwembamba wenye mteremko, kisha fukia na shindilia kwa miguu. Ni kazi ya nusu siku kwenye jua la Engaresero. Huko Natron, afadhali usitoke kwenye alama za magari yaliyotangulia. Ule ukoko mweupe unaonekana mgumu, na chini yake kuna tope jeusi. Ukihisi pua ya gari inashuka, gia ya nyuma saa hiyohiyo.

Kuhusu mito ya msimu, tembea kwanza kwa miguu na fimbo. Maji yanayokusukuma magotini usivuke. Kama umetoka mwendo mrefu, ngoja difu ipoe kabla ya kuingia: chuma cha moto kikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kunyonya maji kupitia sili na kipumulio (tundu la kupumulia la difu). Na kama injini imezimika ndani ya maji, usiguse stata. Vuta gari nje, fungua filta ya hewa, angalia kama imelowa.

Ukishatoka, kazi haijaisha. Jaza upepo kabla ya kukimbia. Habu zirudishe FREE. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa polepole ili zikauke, na zikivuta upande mmoja jua huenda kuna udongo kwenye breki. Jioni ingiza maji ya shinikizo ndani ya rimu, maana tope likikaukia upande mmoja steringi itatetemeka na utadhani umepindisha kitu. Kama ulikuwa Natron au Eyasi, osha uvungu wote kwa maji baridi yasiyo na magadi, kesho yake urudie. Siku ya pili fungua kizibo cha kila difu, chovya kidole: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote siku hiyohiyo, tia mpya, kisha endesha kidogo na uangalie tena. Ikirudi na rangi ileile, mwaga tena, na utafute kipumulio. Kwa kawaida utakuta mpira wake umechomoka na tundu limejaa udongo wa kule kule ulikokwama.